Spea zilizokaa gizani miaka 27, na hesabu ya baba

UKIFIKA Buyenzi, jijini Bujumbura, ukauliza spea, utajulikana mara moja kuwa ni mgeni. Pale wanasema piyesi. Mimi nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, nikasomea huko tangu darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu. Nimerudi nyumbani tangu mwaka 2008, lakini mdomo wangu bado unasema spea, na bei ninayotajiwa imebaki kuwa ya mgeni.

Basi ilikuwa Juni 2023, shule zinakaribia kufungwa, fundi mmoja wa Buyenzi ninayemfundishia mtoto aliponifuata nyumbani jioni. Alikuwa na habari ya jengo moja katika mtaa wa viwanda, lililokuwa duka la magari mapya zamani za baba zetu. Sitalitaja jina. Mwenyewe alikuwa mgeni, aliuza magari ya Ufaransa kwa miaka mingi, akaondoka mwaka 1996 nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Vikwazo viliondolewa Januari 1999, yeye hakurudi. Sasa kiwanja kilikuwa kimeuzwa, mnunuzi anataka kibomolewe kabla ya Septemba, na wanunuzi wa chuma chakavu walikwishafika na mizani yao.

“Mwalimu,” akaniambia, “mle ndani mna stoo haijafunguliwa. Wakiingia hawa wa mizani, kila kitu kitakwenda kwa kilo.”

Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi, mwalimu wa Kiswahili nisiyemiliki hata baiskeli. Akajibu kwamba anahitaji mtu wa kusoma Kifaransa cha kwenye maboksi na kuandika orodha. Hakujua jambo jingine ambalo mimi nilishalijua mara tu alipotaja mtaa: baba yangu alikuwa mtunza stoo wa duka lile, hadi siku alipokimbia, Mei 1972.

Wasomaji wenye umri wangu waliokulia Mishamo, Katumba au Ulyankulu hawahitaji kuelezwa Mei 1972. Kwa vijana, niseme tu kwamba yalikuwa mauaji yaliyowachukua hasa Wahutu waliosoma na wenye ajira, na mtunza stoo anayejua kuandika alikuwa miongoni mwao. Baba aliondoka kazini mchana kama anayekwenda kula, akateremka hadi ziwani, akavuka kwa mtumbwi mpaka Kigoma. Nimekua nikimsikia akilima tumbaku huku anataja namba za vipuri kwa Kifaransa, kama wengine wanavyoimba. Kuhesabu nilijifunza kwa namba hizo kabla sijaingia shule.

Mali ya nani?

Tulipofika tulimkuta zamu. Ni mzee mfupi, mwenye koti la mvua hata jua likiwa kali. Akatusabahi, “Amahoro,” kisha akanitazama usoni kwa muda na kuniuliza kwa Kirundi, “Uri umwana wa nde?” Nilipomtajia baba hakushtuka, maana yeye alianza kazi pale mwaka 1981. Alimjua kwa mwandiko tu. Akasema, “Huyo ndiye aliyeandika vibao vya rafu.”

Mzee huyu alikuwa hajalipwa tangu mwaka 2003. Kabla ya hapo hela ilikuwa ikitumwa kutoka Ubelgiji, kisha ikakatika. Akabaki. Alilima mchicha uani, akafuga kuku ndani ya bodi ya Peugeot 404 isiyo na milango, na usiku alilala mbele ya mlango wa stoo. Nilipomuuliza kwa nini hakuuza chochote kwa miaka 20 yote ile, alinijibu kwa ukali kidogo kwamba hakuwa ameajiriwa kuuza.

Hapo ndipo nilipopata mashaka. Familia yetu ina shamba la michikichi Rumonge. Tuliporudi tulikuta mtu mwingine amekaa pale zaidi ya miaka 30, na ana karatasi za serikali ya wakati ule. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, ile CNTB iliyoanzishwa mwaka 2006, ilitushauri tugawane nusu kwa nusu, na baba akakubali huku amenuna. Tangu hapo sijaacha kuwalaumu watu waliochuma chikichi za baba kwa kuwa tu mwenyewe hakuwepo. Sasa mimi mwenyewe nasimama mbele ya stoo ya mtu aliyeondoka, na nina gunia mkononi.

Fundi alicheka aliponisikia. “Chuma hakina kilio, Mwalimu.” Lakini nilikataa kugusa kitu mpaka tujue. Mnunuzi wa kiwanja alidai kilichomo ndani kimeuzwa pamoja na ardhi. Tukaomba tuone mkataba, nao ulitaja ardhi na majengo tu. Mwenye duka alikuwa ameshafariki, lakini zamu alikuwa na namba ya simu ya binti yake, ameiandika kwa mkaa nyuma ya mlango. Ikaita. Mama yule alilia aliposikia kuwa zamu yupo hai, akasema tuuze kila kitu na hela yote apewe mzee. Siku tatu baadaye nilimtumia picha za rafu zilivyojaa maboksi, na yeye akarudisha simu kusema kwamba, akifikiri vizuri, angependa kupata fungu. Simlaumu. Hata mimi nilipoziona zile rafu nilipiga hesabu ya mabati.

Tukaandikiana mbele ya mkuu wa mtaa: theluthi ya mauzo kwa zamu, theluthi kwa binti, theluthi kwetu tutakaofanya kazi, yaani fundi, mimi na vijana wawili. Mnunuzi wa kiwanja aliridhika na bodi za magari, mabati na rafu zote za chuma. Tukapewa wiki tatu.

Kilichopona na kilichooza

Stoo ilikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza paa lilivuja, na huko hatukuokoa hata robo. Mchwa walikuwa wamekula rafu za chini za mbao mpaka maboksi yakawa yanaelea juu ya udongo. Cha pili kilikuwa kikavu, kina popo na harufu ya grisi ya kale. Nimewahi kuingia maktaba moja kubwa Dar es Salaam, na nilihisi vilevile.

Nieleze kidogo magari yenyewe. Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960, na sifa yake Afrika Mashariki ilijengwa na mbio za Safari, ilikoshinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati aliyeshika usukani ni Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Baada yake ikaja 504, mwaka 1968. Ufaransa waliacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983, lakini Kenya iliendelea kuunganisha 504 hadi mwaka 2004 na Nigeria hadi 2006. Ndiyo maana ukienda vijijini bado utaikuta pikapu yake inabeba ndizi, imefungwa waya hapa na pale, inatafuta spea ambayo maduka hayana.

Fundi alinifundisha kutenganisha kwa mkono na kwa pua. Vyuma vilivyofungwa kwa karatasi ya nta na kupakwa grisi vilikuwa kama vya jana: beringi, vali, gia na shafti. Slivu za injini, ambazo katika Peugeot hizi huchomolewa na kubadilishwa na maji huzizunguka kwa nje, zilifungwa nne nne pamoja na pistoni na ringi zake. Zenye kutu nyepesi alizilaza katika mafuta ya taa siku mbili, akazisugua taratibu. Zilizokuwa na vishimo alizitupa, kwani slivu yenye kishimo itakula oili mpaka mwenye gari akuchukie.

Raba ni habari nyingine. Oili sili, mipira ya breki, mabomba ya maji, vyote vilikuwa ndani ya mifuko yao, havijaguswa, na vyote ni takataka. Raba huzeeka hata ikiwa dukani. Ukiikunja inakatika kama biskuti, na ile isiyokatika ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu utaifunga kwenye breki ukidhani ni nzima. Wafanyabiashara wa mpakani naomba mnisikie hapa, maana nimeona mipira ya aina hiyo ikiuzwa sokoni kwa jina la “orijino”. Ni orijino kweli, lakini ni ya mwaka 1974.

Kabureta za Solex tuliziokoa, ila gasketi zake ndani zilikuwa zimekauka. Platini za distribyuta zinasuguliwa kwa msasa laini na kurudi kazini, kondensa haziaminiki. Kulikuwa na boksi zima la balbu za taa za mbele za rangi ya njano, kama zilivyolazimishwa Ufaransa hadi mwaka 1993.

Lainingi za breki na klachi zilinipa ugomvi na vijana. Za miaka ile zina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huko ndiko linakokaa, ugonjwa ukija kujitokeza miaka mingi baadaye. Kijana mmoja alikuwa ameanza kuzipiga msasa zing’ae, akiwa kifua wazi, anaimba. Tukamwagia maji, tukazifunga kwenye mifuko ya plastiki, hatukuuza hata moja. Alininunia hadi kesho yake, akihesabu hela nilizomkosesha.

Lakini kitu kilichomfanya fundi akae chini ni difu ya 404. Magari mengi yana krauni ya meno ya chuma. Ile 404 ina parafujo nene ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Tulikuta magurudumu sita, mapya. Fundi alilishika moja kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Aliwahi kufungua difu hizo akiwa kijana, na kila mara alilazimika kumwambia mwenye gari kwamba spea hakuna.

Usiku wa siku ya tisa mawili kati ya hayo sita yaliibiwa, yakaenda kuyeyushwa. Tulijua ni nani, na zamu pia alijua, kwa kuwa mwizi alipitia dirisha ambalo mgeni asingelijua. Tukanyamaza, tukakata thamani yake kwenye fungu letu. Shaba ilishakuwa maji. Ndivyo zinavyokwenda hata silinda hedi za 504, ambazo ni za aluminiamu. Wasubu wa masufuria wanazipenda sana, na huenda wali unaokula leo umeivia ndani ya injini.

Kosa langu

Sasa nikiri la kwangu. Siku ya kwanza, kabla hatujapata mnunuzi yeyote, niliwaambia vijana watoe spea kwenye maboksi ili zipungue nafasi. Maboksi yenyewe, ya kadibodi iliyofifia, tulichemshia chai. Tulikunywa chai siku nzima.

Wiki ya pili fundi akapata, kupitia jamaa yake, mkusanyaji wa magari ya kale Nairobi. Nilikuwa sijui kwamba kuna watu wa namna hiyo. Kumbe Nairobi wana mashindano ya urembo wa magari, Concours d’Elegance, tangu mwaka 1970, na tangu 2003 kuna mbio za Safari za magari ya zamani. Mtu yule alitaka spea za 404, naye swali lake la kwanza kwenye simu lilikuwa, “Ziko kwenye maboksi yake?”

Kwa mkusanyaji, boksi lenye chapa na namba ya kiwanda ni ushahidi kwamba kitu si bandia, na bei yake ni nyingine kabisa. Seti ya slivu iliyokuwa ndani ya boksi aliilipia mara mbili ya ile iliyokuwa uchi. Nilikokotoa usiku ule kiasi tulichokunywa kwenye chai. Theluthi ya hasara hiyo ilikuwa ya mzee aliyelala mlangoni miaka 20. Nilimweleza. Akauliza kama chai yenyewe ilikuwa na sukari, kisha akarudi kwa kuku wake.

Forodhani

Spea za 504 tuliziuza kwa sehemu kubwa hapa hapa na kwa watu wa Uvira. Mzigo wa Nairobi alikabidhiwa wakala wa forodha na mnunuzi akamalizana naye. Mzigo mdogo, kabureta nne na pampu za maji, niliupeleka mwenyewe kwa mwenye gereji mmoja Kasulu, kupitia Mugina na Manyovu.

Nilidhani nitapita kwa utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa kuwa Burundi ni mwanachama tangu mwaka 2007. Afisa alinisikiliza kwa adabu, akageuza kabureta, akanionyesha maandishi: imetengenezwa Ufaransa. Utaratibu ule ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Nikamwambia hii imekaa Bujumbura zaidi ya miaka 45. Akacheka, akasema hata ingekaa 100 haiwi Mrundi. Nikalipa ushuru.

Njiani nililifikiria jibu lake. Mimi nilikaa Tanzania miaka 28 na kutoka pale na hati ya mkimbizi. Wenzangu waliobaki Mishamo, wao na maelfu ya wengine, wakapewa uraia na vyeti vyao mwaka 2014. Afisa yule, kwa lafudhi yake, alikuwa mtu wa Kasulu, na Kiha chake na Kirundi changu vilisikilizana bila mkalimani. Tungeweza kuongea hadi jioni kama foleni isingekuwa ndefu.

Namba moja na saba

Orodha niliyompelekea mtu wa Nairobi ilirudi na alama nyekundu. Namba nyingi hazikulingana na vitabu vyake. Nilikuwa nimezinakili kutoka kwenye vibao vya rafu, vile alivyovisema zamu, kwa wino wa buluu uliogeuka kahawia. Nikapanda basi hadi Rumonge na vibao 40 kwenye mfuko.

Baba ana miaka 78 na jicho moja zuri. Alivipokea, akavisogeza karibu na dirisha, akavipanga mezani kwa mpangilio ambao mimi sikuuelewa. Nilimtazama usoni nikingoja aseme jambo kubwa. Alisema, “Hii umesoma saba. Hii ni moja.”

Mimi nimefundishwa kuandika Tanzania, moja ni kijiti tu. Baba alifundishwa na Wabelgiji: moja yake ina mkia mrefu wa mbele, na saba yake ina mstari katikati. Kila moja yake nilikuwa nimeigeuza saba. Alirekebisha orodha nzima kwa kalamu, bila kuangalia vibao zaidi ya mara mbili tatu. Namba alikuwa nazo kichwani. Nairobi walikubali orodha ya pili bila swali.

Mwisho wa Agosti jengo lilibomolewa. Zamu alijenga vyumba viwili Kinama kwa fungu lake na bado ana kuku. Fungu langu lililipa ada za watoto na paa la nyumba ya baba.

Jambo moja limebaki. Nilipopeleka hesabu ya mwisho Rumonge, nilikuwa nimeichapa vizuri, na chini nimeacha nafasi ya aliyekabidhi na aliyepokea, nikidhani baba atafurahi kuweka saini yake kama mtunza stoo. Aliondoka mwaka 1972 bila kukabidhi, na jambo hilo limekuwa likimkera kuliko nilivyojua. Alisoma kurasa zote tisa, kidole kikiteremka mstari kwa mstari. Kisha akanirudishia bila kusaini.

“Zimepungua seti mbili za slivu za 404.”

Nikamwambia huenda ziliuzwa baadaye, au ziliibiwa, au zilikuwa kwenye chumba kilichovuja. Akatikisa kichwa. Seti hizo hazikuwepo stoo hata siku anaondoka. Alikuwa amemwazima fundi mmoja, mwishoni mwa Aprili, bila hati, kwa ahadi kwamba zitarudi Jumatatu.

“Hakuzirudisha?” nikauliza.

Baba alinitajia mtaa aliokuwa akiishi fundi yule, na rangi ya mlango wake. Jina hakulitaja. Hesabu ile ninayo bado, nafasi ya saini iko wazi.